Herufi Aliyoifuta Mwalimu Rodah

Rodah binti Kiptum alizaliwa na tatizo moja: hakuvumilia kitu kirefu kama kingeweza kuwa kifupi. Darasa la tano, mwalimu akiandika ubaoni arobaini na nane juu ya sabini na mbili, yeye alikuwa ameshapiga kelele "mbili juu ya tatu!" kabla wenzake hawajapata penseli. Akitumwa mtoni alikata kona katikati ya mahindi ya watu. Hata sala yake ya chakula ilikuwa sentensi moja, mpaka mama yake akamwuliza kama Mungu ana basi la kuwahi. Watu wakacheka. Mtoto wa hesabu huyo, walisema, mwacheni.

Hiyo ilikuwa huko juu Kapsinendet, upande wa Kimulot, mahali ambapo mashamba madogo ya majani chai yanaishia na msitu wa Mau unaanza. Baridi ya huko usiiulize. Baba yake, mzee Kiptum, alikuwa na ekari mbili za chai, kipande cha mahindi, na ng'ombe. Ng'ombe wangapi? Hilo swali usimwulize mtu wa huko, na ukimwuliza usiseme umetumwa na mimi. Ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti.

Rodah alisoma mpaka chuo kikuu, akatoka na digrii ya ualimu wa hesabu, akapelekwa kufundisha shule ya wasichana, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwao. Alifundisha miaka minane. Wasichana walimwogopa muhula mzima na kumpenda baada ya mtihani. Kila mwaka ni yale yale, x na y, x na y, hadi akaanza kuhofia kwamba atazeeka bila kukutana na hesabu moja tu ya kumtoa jasho. Mwingine angeshukuru kwa kazi ya serikali na kunyamaza. Yeye ilimuuma.

Mwaka wa tisini na tano akaja Daktari Ojwang. Huyu alikuwa daktari wa mifugo aliyesomea pia hesabu za magonjwa, mtu mpole, sweta imetoboka kiwiko, sauti ya chini mpaka umsogelee. Alikuwa anaongoza Mradi wa Kupe. Kwenye barua mradi ulikuwa na jina la mistari miwili, lakini watu waliuita hivyo kwa sababu shida yenyewe ilikuwa kupe, na ndigana anayoileta kupe. Ndigana ikimpata ng'ombe wa gredi, yaani wa kizungu wa maziwa mengi, tezi zinavimba chini ya masikio, anakohoa povu, na wiki ya pili unatafuta jembe la kuchimbia shimo. Ojwang alizunguka shule tatu akitafuta mwalimu asiyeogopa herufi. Alipofika kwa Rodah hakuendelea na ya nne.

Swali la mradi lilikuwa moja, na ni vizuri ulishike, kwa sababu kila kitu kinakaa juu yake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haikutosha pande zote. Ama ibaki katika josho la Kapsinendet huku juu, ama ihamishwe majosho ya kule chini Mulot kwenye joto na kupe wengi. Josho la Kapsinendet likifungwa, baridi ya huku itaua kupe yenyewe na ndigana iishe? Au ndigana itabaki na kumaliza ng'ombe wa watu?

Ojwang alikuwa ameuandika ugonjwa kwa herufi. Herufi ya ng'ombe wazima, ya wagonjwa, ya kupe. Herufi ya baridi, herufi ya kuogesha. Na herufi m, ya mwendo, yaani ng'ombe wanaoingia bomani kutoka kwingine wakija na kupe wao masikioni. Zote akazifunga katika milinganyo mitatu. Sasa unauliza: ugonjwa huu ukiachwa, mwisho wake utatulia wapi? Kuna mahali ambapo hauongezeki tena wala haupungui, na hapo panaitwa msawazo. Msawazo ukiwa sifuri, ugonjwa umekwisha. Usipokuwa sifuri, zoea kuzika ndama.

Kompyuta ilikuwa moja, katika nyumba ya zamani mradi uliyoikodi mjini Kericho. Mashine yenyewe ilikuwa nyeupe iliyogeuka manjano, na ndani yake programu ya aljebra iliyokuja kwa disketi sita. Programu hiyo haikujumlisha namba kama ile mashine ya duka. Ilishika herufi zenyewe: inafungua mabano, inakusanya, inakata juu na chini, halafu unaiambia irahisishe. Rodah alipoiona mara ya kwanza ikimaliza kwa sekunde mbili mabano ambayo yangemchukua nusu saa, alisema, "Ala! Kumbe tuko wawili."

Lakini msawazo wa Ojwang uliishinda hata hiyo mashine. Mlinganyo wa mwisho ulikuwa wa kipeo cha tatu, na majibu yake yalikuja na mizizi ndani ya mizizi, sehemu juu ya sehemu, kila herufi imeng'ang'ania mwenzake. Printa ililia asubuhi nzima ikitema ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Kurasa arobaini na tatu. Rodah akavua viatu, akaitandaza sakafuni, akatembea juu yake na kalamu nyekundu. Akaona kundi la herufi linalojirudia, akalipa jina moja. Akaona lingine. Akarudi kwenye mashine, akaiambia itumie majina hayo, ikamjibu kwamba kumbukumbu imejaa. Akaizima, akaiwasha, akaanza tena. Stima ikapotea. Akaanza tena.

Kwa miezi saba alikuwa hivyo, Jumatatu na Jumanne darasani, siku nyingine zote Kericho. Kurasa arobaini na tatu zikawa ishirini. Ishirini zikawa kumi na moja. Hapo zikagoma. Na kurasa kumi na moja huwezi kuzisoma ukajua kama ng'ombe watapona. Unaziangalia tu na zenyewe zinakuangalia.

"Mwalimu," Ojwang alimwambia kwa ile sauti yake, "ripoti inatakiwa mwezi wa kumi. Wakubwa wa mifugo wakikosa jibu letu, wataamua kwa kutupa shilingi."

Wakati huo huo Makori alikuwa anamaliza fomu. Makori ni kijana wa Kisii, mtu wa kukusanya habari za mradi, aliyezaliwa kwenye kambi ya wachuma chai hapo Kericho, mtu wa bidii, anaendesha baiskeli kwenye matope ambayo trekta imekataa. Alipita maboma mia moja na kumi na mbili ya Kapsinendet akiuliza maswali thelathini. Swali la kumi na nne lilikuwa hili: mwaka huu ni ng'ombe wangapi wameingia hapa kutoka kwingine? Alileta fomu akiwa amefurahi.

"Mwalimu, huko kwenu watu ni wa kukaa na ng'ombe wao tu. Kumi na nne yote ni sifuri. Kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho."

Rodah akazipitia. Kweli, sifuri mia moja na kumi na mbili. Ya baba yake ilikuwa hapo pia, na alama ya kidole gumba chini.

Sasa sikiliza. Kwa Wakipsigis, ng'ombe wako wote hawalali boma moja. Unampelekea rafiki yako wa mbali ng'ombe mmoja, akae naye. Yeye anakunywa maziwa, ndama anabaki wako, na siku ukitaka unamrudisha. Na yeye labda wa kwake yuko kwako, au kwa mtu mwingine usiyemjua. Hiyo inaitwa kimanagan. Ugonjwa ukifagia boma lako, una mbegu kwingine. Ndugu wa mke wakija kuomba, wanaona boma la mtu maskini. Kwa hiyo haisemwi. Ng'ombe wa kimanagan anakuja asubuhi na mapema kabla njia haijapata watu, na mgeni akiuliza ni wa nani, ni wa hapa. Kuna ng'ombe ameingia? Hapana, hakuna. Mtu anayejibu hivyo hadanganyi, ananyamaza kwa adabu tu.

Makori asingeweza kulijua hilo. Ojwang, mtu wa ziwa, asingeweza kulijua. Rodah alilijua tangu akiwa na miaka sita, alipoona ng'ombe mwekundu asiyemfahamu akiingizwa bomani na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Alijua kwamba baba yake mwenyewe ana ng'ombe wawili kule Mulot, kwa Kipngetich, mzee wa rika lake. Alijua kwamba zile sifuri mia moja na kumi na mbili ni heshima iliyoandikwa kwa tarakimu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na sita, akiwa peke yake na mashine, alifuta herufi m na kuweka sifuri. Alijiambia ni kujaribu tu. Akabonyeza amri ya kurahisisha, akainuka kwenda kuchemsha chai kwa sababu amri hiyo kwa kawaida ilichukua robo saa kabla ya kufa. Hakufika mlangoni. Mashine ilikuwa imemaliza.

Mstari mmoja, jamani. Kurasa kumi na moja zimekuwa mstari mmoja! Ile m ndiyo iliyokuwa imefunga kila kitu. Ilipotoka, herufi ya wagonjwa ilitoka nje ya mabano kwa hiari, mlinganyo ukagawanyika, na majibu yakabaki mawili ya kusomeka. La kwanza, ukiweka baridi ya Kapsinendet, lilikuwa chini ya sifuri, na hakuna boma lenye ng'ombe wagonjwa chini ya sifuri. La pili lilikuwa sifuri yenyewe. Ndigana inaisha. Inaisha hata josho likifungwa.

Na yeye, aliyekuwa akikata kona tangu utoto, alilia. Usinicheke. Miezi saba mtu anatembea peku juu ya karatasi, halafu kitu kinafunguka mbele yake kizuri hivyo, safi hivyo, na mkono wake ndio uliokifungua. Alijua kwa nini kimefunguka. Alikaa nalo hilo kama dakika kumi, chai ikichemka na kumwagikia jiko, halafu akaupeleka mstari kwenye printa.

Ojwang aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena akiwa amekaa.

"Mwalimu, hii m. Ni sifuri kweli? Wewe ndiye mwenyeji huko."

"Fomu mia moja na kumi na mbili, Daktari. Zote sifuri."

Angalia alivyojibu. Hakuulizwa habari za fomu. Lakini Ojwang alimwamini, akaufuta uso wake kwa mkono, akasema, "Basi umeniokoa, dada yangu." Jina la Rodah likawekwa kwenye ripoti, la pili baada ya lake.

Mwezi wa kumi na moja ukafanyika mkutano uwanjani, kando ya josho. Ojwang alieleza kwa Kiswahili, watu wakamsikiliza kwa mikono kifuani. Kufunga josho? Ati ugonjwa utaondoka wenyewe? Mama mmoja jirani yao, Rebeccah, aliyekuwa na ng'ombe wa gredi wanne na mdomo wa kutosha nane, akasimama.

"Daktari, pole, sisi hatukujui. Rodah yuko hapo nyuma yako. Rodah, njoo mbele utuambie kwa lugha yetu. Ni kweli?"

Rodah akaja mbele. Aliona baba yake amesimama safu ya tatu na kofia mkononi. Akawaeleza kwa Kikipsigis: hesabu imefanywa, imefanywa na mashine na imefanywa na yeye, na jibu ni kwamba ndigana ya huku itaisha. Alieleza vizuri sana, kwa ufupi. Hata watoto wa shule wangeelewa.

"Kama ni Rodah amesema," Rebeccah akawageukia watu, "basi. Huyu tumemlea."

Wakapiga makofi. Januari dawa ikapelekwa Mulot, josho likafungwa kufuli, na maji yake yakageuka kijani. Mzee Kiptum alitembea mwezi mzima akisalimiwa na watu ambao zamani walimpita. "Baba Mwalimu," walimwita. Alijifanya hasikii ili warudie.

Mwezi wa tatu, Jumamosi moja, Rodah alikwenda nyumbani na kukuta bomani ng'ombe wawili wekundu wenye nundu ndogo, masikio yamekatwa kwa alama ya kule chini. Hakuhitaji kuuliza. Baba yake alikuwa amewaleta kutoka kwa Kipngetich. Kwa nini wakae mbali tena wakati ugonjwa unakwisha? Binti yake mwenyewe ndiye aliyesema. Mzee alikuwa akiwakwangua shingo kwa gunzi, ana furaha ya mtu aliyekutana na ndugu zake. Rodah akasogea, akainua sikio la mmoja wao. Ndani kulikuwa na kupe wamekaa wamejaa.

Hapo bado ingewezekana. Neno moja tu: warudishe. Lakini mzee angeuliza kwa nini, na ili kujibu kwa nini ingebidi aseme mengine yote. Akaliachia lile sikio. Akaingia jikoni, akanywa chai, akasifu mahindi.

Na si Kiptum peke yake. Kilima chote kilifanya vile vile, kila mtu kivyake, asubuhi na mapema, bila kumwambia jirani. Ng'ombe wa Mulot, wa Londiani, wa huko Narok. Walirudi nyumbani kwa sababu mstari ulisema ni salama, na ule mstari ulikuwa wa kweli ilimradi tu wasirudi. Aibu iliyoje! Mvua ndefu ikanyesha, nyasi zikawa za magoti, na kupe wakapata mahali pa kungojea.

Ng'ombe wa kwanza alikufa kwa Rebeccah mwezi wa saba. Tezi, povu, siku tisa. Wa pili akafuata, halafu ndama wote wa kule bondeni, halafu ikawa huwezi kupita njia bila kuona mtu anachimba. Ng'ombe wawili wa gredi wa mzee Kiptum walikufa wiki moja. Wale wekundu hawakukohoa hata mara moja. Walikuwa wameuzoea ugonjwa tangu wakiwa ndama, wanautembeza tu.

Jumapili iliyofuata Rodah hakuenda kanisani. Alikwenda Kericho, akaiwasha mashine, akairudisha herufi m mahali pake. Kurasa kumi na moja zikarudi, na mizizi yao yote. Safari hii hakujaribu kuzifupisha. Aliweka namba ndogo, ya aibu, ng'ombe mmoja tu anayeingia kwa kila mia kwa mwaka mzima, akalitafuta lile jibu la sifuri. Halikuwa dogo. Halikuwa limesogea. Halikuwepo. Kwa m yoyote isiyo sifuri, msawazo wa bila ugonjwa haupo katika hesabu hiyo, na mwanafunzi wake wa kidato cha tatu angeweza kumwonyesha kwa nini: mgonjwa akiingizwa kila mwaka, wagonjwa hawafiki sifuri.

Alimpelekea Ojwang. Mradi ulikuwa umekwisha mwezi wa sita, naye alikuwa anafunga vitabu kwenye maboksi ya sabuni. Rodah alimweleza kimanagan mwanzo hadi mwisho, mara hii bila kufupisha chochote. Ojwang alisikiliza amesimama, kitabu kifuani.

"Mwalimu, nilikuuliza."

"Uliniuliza, Daktari."

Ojwang akakiweka kile kitabu kwenye boksi. Akasema ataandika barua, na aliiandika, lakini dawa ilikuwa imeshagawiwa na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuitoa Mulot. Hakumkemea. Afadhali angemkemea.

Mwezi wa tisa watu wakaitana tena pale kwenye josho. Naibu wa chifu, Kiplimo, akasimama juu ya ukuta wa saruji, akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: tuliambiwa ndigana itaisha, sasa hii imetoka wapi? Nani ameleta ng'ombe wa nje?

Wanaume zaidi ya mia, na kila mmoja anaangalia viatu vyake. Rodah alikuwa upande wa wanawake, karatasi za m zimekunjwa ndani ya mkoba wake. Alikuwa amekuja kusema. Alikuwa amejiapiza njiani kwamba akipewa nafasi atasimama. Nafasi si ndiyo hiyo? Rebeccah alikuwa kando yake, amemshika mkono.

Aliyesimama ni mzee Kiptum.

"Ni mimi," alisema. "Nilileta wawili kutoka Mulot. Binti yangu alituambia ugonjwa umekwisha, na ulikuwa unakwisha. Ni mimi niliyeurudisha. Msimlaumu mtoto."

Wee! Ungesikia jinsi watu walivyopumua. Wale wale waliokuwa wakitazama viatu wakapata sauti. Aliyekuwa na watatu wa Londiani nyuma ya nyumba ndiye aliyepiga kelele zaidi. Rebeccah aliuachia mkono wa Rodah taratibu, akasema, "Pole, mama, mzazi hachaguliwi." Rodah hakuufungua mkoba wake mpaka mkutano ukafungwa kwa sala.

Kesho yake asubuhi, mchana kweupe, njia imejaa watu, akaja mzee wa kwanza na kamba. Akasalimu, akaingia bomani, akamfunga ng'ombe mweusi kwenye pembe na kumtoa. Rodah alikuwa amemjua ng'ombe huyo miaka minne na kumdhania wa kwao. Baadaye akaja mwingine, akachukua mmoja. Wakaja ndugu wawili kutoka ng'ambo ya mto, wakachukua mmoja na ndama wake. Hakuna aliyekaa kunywa chai. Ng'ombe wa kimanagan hachukuliwi mchana. Akichukuliwa mchana ni tangazo: huyu mtu hatumwamini tena na mnyama.

Saa nane mchana boma lilikuwa na wale wekundu wawili tu. Mzee Kiptum alikuwa amekaa kwenye kigogo, kofia gotini. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza kitu kinachomaliza kupita.

Rodah akapiga magoti mbele yake kwenye mbolea.

"Baba, ile sifuri niliiweka mimi. Nilijua ng'ombe wanahama. Nilijua hata wa kwako. Daktari aliniuliza, nikamwonyesha fomu. Kosa si lako. Ilinipasa kusema jana."

Ng'ombe mmoja akaja kumnusa mzee mkono, naye akamsukuma kichwa pembeni, polepole.

"Makori alikuja hapa," alisema. "Kijana mzuri, nilimpa maziwa. Aliniuliza kama kuna ng'ombe ameingia, nikamwambia hakuna, kwa sababu yeye ni mgeni na mgeni haambiwi." Akaivaa kofia yake, akainuka kwa shida, bila kushika mkono alionyooshewa. "Mimi nilikuwa na mgeni mbele yangu, Rodah. Wewe, uliposimama mbele ya watu wetu, mgeni wako alikuwa nani?"

Akaenda kuwafungulia wale wawili waende malishoni. Rodah alibaki pale chini, magoti kwenye mbolea.